Siku Niliyogeuza Namba Mbili, na Siku Nyigu Walipoudanganya Mtambo

Vijana wangu, naanza na aibu yangu, maana aibu hufundisha upesi kuliko sifa. Mimi mnayeniita Mama Furaha, mwanamke wa kijiji cha Kitanga, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, niliwahi kukaribia kuua watu saba asubuhi moja. Sikushika bunduki wala panga. Nilishika redio, nikatamka namba mbili kinyume.

Nilistaafu mwaka jana. Nilikuwa mtunza kiwanja na mpimaji wa hali ya hewa kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha changarawe, huku juu kati ya Kibondo na Kasulu. Kiwanja chenyewe ni barabara moja tu iliyonyooka toka mashariki hadi magharibi. Mashariki kuna kilima chenye migomba ya watu, magharibi kuna korongo. Kibanda changu kiko kando ya njia, usawa wa katikati. Kazi yangu ilikuwa kufukuza mbuzi, kusimamia ufyekaji wa majani, kupima abiria na mizigo kwenye mizani, halafu, ndege ikikaribia, kumpa rubani habari kwa redio: upepo unatoka wapi, mawingu yako wapi, na mgandamizo wa hewa ni kiasi gani.

Hilo la mgandamizo msiliruke, ndilo lenye mambo. Ndani ya ndege mna saa ya kimo inayomwambia rubani yuko juu kiasi gani. Saa ile haioni ardhi. Inapima hewa tu, na ili iseme kweli lazima rubani aipe namba ya hewa ya pale anapotua. Namba anaipata kwa nani? Kwangu! Kwa mama huyu huyu mwenye kanga na gambuti. Ukimpa namba kubwa kuliko ya kweli, saa inamwambia yuko juu salama, kumbe yuko chini karibu na migomba.

Asubuhi ile ilikuwa ya masika, mawingu yameshuka mpaka kwenye kilima. Ndege inakuja na masanduku ya chanjo na wahudumu watano wa afya. Anayeirusha ni Kapteni Mushi, mzoefu wa miaka mingi, mtu wa utani. Pembeni yake kuna rubani msaidizi, binti mgeni kazini, anaitwa Zuhura. Nikasoma kipimo changu: elfu moja na kumi na mbili. Nikaandika kwenye karatasi: moja, sifuri, moja, mbili. Mwandiko mzuri kabisa.

Sasa sikilizeni jinsi ajali inavyopikwa. Wakati ule ule mbuzi watatu wakaingia uwanjani. Simu yangu ikaita. Na baba mmoja wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi, aliyekuwa anamngojea ndugu yake, akaingiza kichwa dirishani: "Mama, ndeke inakuya saa ngapi?" Nami huku nimebonyeza kitufe cha redio, macho kwa mbuzi, sikio kwa Mkongo, mdomo ukasema: "Mgandamizo ni moja, sifuri, mbili, moja."

Mushi akarudia kama sheria inavyotaka: "Moja, sifuri, mbili, moja."

Nikajibu: "Sahihi."

Nataka mnielewe hapo. Kugeuza namba ni ulimi, na ulimi hauna mfupa. Kosa langu hasa ni lile neno "sahihi". Karatasi ilikuwa chini ya mkono wangu na sikuitazama. Rubani anarudia namba ili mmoja wetu amnase mwenzake. Mimi nilisikiliza ili nikubali, sikusikiliza ili ninase.

Dakika chache baadaye nikasikia injini juu ya kilima. Mwenye kukaa na ndege miaka mingi anajua mlio wa kila hatua, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Mlio ule ulikuwa chini mno. Nikatoka mbio. Sikuona kitu, wingu tupu. Halafu injini zikanguruma kwa nguvu zote, ndege ikapanda, mlio ukaenda juu, juu, mpaka ukafifia. Watu wa kule kilimani walinihadithia jioni yake kwamba waliona tumbo la ndege likitokeza kwenye wingu na majani ya migomba yakapigwa na upepo wake.

Nini kiliwaokoa? Mtambo! Ndani ya ndege ile mlikuwa na mtambo wenye ramani ya vilima vyote, unaojua ndege iko wapi kwa kusikiliza setilaiti. Haukumuuliza Mama Furaha alisema nini. Ulilinganisha mahali ilipo ndege na kilima kilipo, ukapiga kelele: ardhi, ardhi, vuta juu! Mushi aliniambia mikono yake ilivuta kabla akili haijaanza kubishana.

Redio ikaita. Sauti ya Mushi ilikuwa ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko kelele. "Kiwanja, naomba tena mgandamizo."

Nikatazama karatasi. "Moja, sifuri, moja, mbili," nikasema. "Narudia. Moja, sifuri, moja, mbili."

Naye akarudia: "Moja, sifuri, moja, mbili. Asante."

Walipojaribu mara ya pili wakatua salama. Kabla hawajafungua mlango, mwenzangu wa stoo, Gervas, alikuwa amekwisha kunivuta pembeni. Gervas ni mtu mwema, tumekula naye ugali sufuria moja. Akaninong'oneza, "Sema redio ilikwaruza. Karatasi yako inaonyesha namba sahihi. Nani atajua? Una mtoto chuoni, Mama Furaha, usijiue kwa mdomo wako."

Siwadanganyi, nililifikiria. Kutoka kibandani hadi kwenye ndege ni kama hatua mia, na hatua hamsini za mwanzo nilikuwa nimeshakubali kusema redio ilikwaruza. Kisha nikawaona wale wahudumu wanashuka. Mmoja, dada mnene mwenye sweta la njano, alipokanyaga chini aliinama akashika changarawe kwa viganja vyote viwili. Basi maneno ya Gervas yakanitoka kichwani.

"Kapteni," nikasema, "nimekosea mimi. Niliandika vizuri nikasema vibaya. Uliporudia sikutazama."

Mushi akanisogelea. Mvua inatunyeshea wote. Akasema, "Ungeniambia redio ilikwaruza ningekuamini. Ningeagiza redio mpya, na kosa lako lingebaki hapa linasubiri ndege nyingine." Akapangusa uso. "Na mimi ninalo langu. Miaka yote sijawahi kupewa namba kubwa kama ile huku kwenu. Nilishtuka kidogo. Nikajiambia, mwenye kiwanja kasema sahihi."

Zuhura alikuwa nyuma yake, akasogea mbele. "Hata mimi nilishtuka, Kapteni. Nikaona aibu kukuuliza."

Mnaona? Watu watatu, na kila mmoja alishika kipande cha ukweli akakifumba mkononi. Asiye na aibu alikuwa mtambo peke yake.

Taarifa iliandikwa, na Mushi aliandika kosa lake juu ya langu. Wakubwa wa mkoani wakaniita, wakanipa onyo, wakanirudisha mafunzoni wiki tatu. Sikufukuzwa. Mmoja wao alisema mtu aliyesema ukweli kabla ya kuulizwa ni ghali kumpata. Nilirudi nyumbani nikalala siku nzima.

Kabla ya kurudi kazini nilipanda pikipiki kwenda Kagerankanda, kwa Mzee Bihaga. Huyu ndiye aliyenipokea kazini nikiwa msichana, akanifundisha kila kitu. Ndiye aliyenifundisha mizani. "Abiria haulizwi uzito," alikuwa akisema, "anapandishwa." Siku moja mchungaji mmoja alitwambia ana kilo sitini na tano. Bihaga akampandisha, mizani ikasema themanini na mbili. Kumbe amevaa makoti matatu na viatu jozi mbili, na mifuko yote imejaa maharage, ili begi lionekane jepesi. Bihaga akamwambia, "Baba Mchungaji, ndege haina imani. Inabeba kilichopo." Mchungaji alicheka mpaka maharage yakamwagika.

Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza yote huku nalia. Nilitegemea anigombeze. Akaniuliza, "Umemaliza?"

"Ego, nimemaliza," nikasema.

"Mwana wanje, unajua kwa nini nilikuwa nafunga baiskeli yangu kwa mnyororo kwenye nguzo ya kibanda?"

Nilidhani anaogopa wezi.

"Oya, si wezi. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwambia rubani kiwanja ni cheupe, hakuna kitu, tua. Akaniuliza, 'Bihaga, na hiyo baiskeli katikati ya njia ni ya nani?' Ilikuwa yangu! Nilikuwa nimeiacha pale nilipokwenda kufukuza ng'ombe. Nilitazama uwanja mzima, na baiskeli yangu sikuiona, kwa sababu akilini mwangu ilikuwa nyumbani."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni. Kisha akashika mkono wangu, akakunja vidole vinne, akabakiza cha shahada. "Kuanzia leo, kidole hiki kikae juu ya namba. Mpaka rubani amalize kuirudia, kisiondoke. Mbuzi wakila uwanja, wale. Jicho likitoroka, kidole kitalirudisha." Vijana, tangu siku ile mpaka nastaafu kidole changu hakikuondoka. Hata sasa nikisoma namba ya luku nanyoosha kidole, wajukuu wananicheka.

Haya. Miaka ikapita, ukaja mtambo wa hali ya hewa unaojiendesha. Mnadhani nilinuna? Nilifurahi kama mtoto wa Krismasi! Fundi Ibra alikuja nao kwenye gari, akasimamisha mlingoti mrefu, juu yake vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, chini yake kisanduku cheupe kinachopima joto, unyevu na mgandamizo. Kila kipimo kinasomwa na mashine na kumfikia rubani moja kwa moja kwa sauti ya kike isiyokohoa wala kuchoka. Hakuna kugeuza namba tena. Nilimfuata Ibra siku mbili nzima, namwuliza hiki kinafanya nini, kile kinafanya nini, mpaka akasema, "Mama, unataka kuninyang'anya kazi?" Watu wa sokoni walinitania kwamba nimeletewa mke mwenza.

Mlingoti huo ulifuatana na agizo: mpimaji asitoe tena vipimo kwa redio, asije akachanganya marubani. Mimi nibaki na mifugo na majani. Nilikubali. Tena nilisema moyoni, mwenye rekodi kama yangu asibishane.

Basi, mwaka mmoja ikafika Agosti ya vumbi. Mchana, wakaleta mama mjamzito kutoka Kasanda, anaitwa Veneranda, mtoto amekaa vibaya tumboni na damu inamtoka. Ndege ilikuwa inakuja kumpeleka kwenye hospitali kubwa. Mumewe, Nestori, kijana ambaye wazazi wake walitoka Burundi kama babu zangu, alikuwa amepiga magoti pembeni ya machela, anampepea kwa kofia.

Nikasikia ndege. Redioni namsikia rubani, na nikaifahamu sauti: ni Zuhura, sasa Kapteni mwenyewe. Anatoka mashariki, atapita juu ya kilima na kutua moja kwa moja kuelekea korongo. Nikasikia na ile sauti ya mtambo: upepo tulivu.

Tulivu? Kanga yangu ilikuwa inataka kunivuka! Nikatazama soksi ya upepo, ule mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa kwenye nguzo. Umenyooka kama mkono, unaonyesha magharibi. Maana yake upepo unatoka mashariki, unaisukuma ndege mgongoni. Ndege ikitua na upepo wa mgongoni inakimbia sana, breki hazitoshi, na changarawe inateleza. Mbele ni korongo.

Nikashika redio. Nikaiachia. Kichwani nasikia mtu ananiambia: wewe ndiye wa namba mbili kinyume, leo unabishana na mtambo? Agizo limesema nyamaza. Kama umekosea tena?

Basi nikafanya kama na namba. Nikanyoosha kidole. Soksi: magharibi. Moshi wa tanuru la matofali ng'ambo ya uwanja: magharibi. Nikachota vumbi nikalirusha: likanipita kwenda magharibi. Nikainua kidole hadi kwenye mlingoti wa Ibra. Vikombe vitatu vimesimama tuli! Upepo wote ule, na havitikisiki.

"Ndege inayotua, kiwanja! Upepo uko mgongoni kwako, mkali! Soksi imenyooka kuelekea korongo!"

"Kiwanja, mtambo unasema tulivu."

"Vikombe vya mtambo vimekwama, navitazama kwa macho yangu. Tazama moshi wa tanuru, upande wako wa kushoto."

Sekunde moja. Mbili. Ndege imeshavuka kilima, magurudumu yananing'inia. Nikasema nilichopaswa kusema kwa rubani yeyote aliye hatarini: "Usitue!"

Injini zikanguruma. Ndege ikapita juu ya vichwa vyetu, ikavuka korongo, ikapanda.

Nestori aliona ndege inaondoka. Akaruka, akanijia kibandani, ananishika mabega. "Umeifukuza! Mama, umeifukuza ndege! Mke wangu anakufa pale!"

"Inarudi, mwanangu."

"Umeifukuza!"

"Inazunguka. Nitazame mimi. Inarudi na upepo usoni, itatua kwako ikiwa nzima. Nenda kamshike mkono."

Nilisema kwa uhakika ambao sikuwa nao. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko wiki tatu za mafunzo. Veneranda alikuwa anaguna tu, hana nguvu ya kulia. Halafu ikatokeza magharibi, ndogo, ikakua, ikashuka juu ya korongo taratibu kama kuku anayelalia mayai. Ikagusa, ikasimama kabla haijafika hata katikati ya uwanja.

Zuhura hakuzima injini. Alifungua kidirisha, akapaza sauti, "Mama! Niliuona moshi!" Nikampungia mkono. Wakampakia Veneranda, wakaondoka. Alijifungua siku ile ile kwa upasuaji, mtoto wa kike, wote wazima. Nestori alikuja baada ya mwezi na kikapu cha viazi vitamu. Hakuweza kunitazama usoni. Nikamwambia, "Mume anayemkaba mtu kwa ajili ya mkewe simlaumu. Karibu uketi."

Siku iliyofuata ile ya Veneranda, Ibra alipanda mlingoti. Akashuka na donge la udongo kiganjani: nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao kwenye kiungo cha vikombe. Alikuwa amevunjika moyo. Nikamwambia asihuzunike, mtambo wake haukusema uongo. Ulisema ulichokiona: vikombe havizunguki. Haukuwa na kanga ya kupeperushwa. Agizo likabadilishwa. Mtambo ukaendelea kutoa namba, maana namba unazijua kuliko sisi, na mpimaji akapewa ruhusa ya kutazama nje na kusema "naona hivyo hivyo" au "sioni hivyo". Kati ya wawili hao, yeyote akisema usitue, hakuna kutua. Siku hizi kiwanjani yupo dada mmoja wa Kakonko, amekuja na tabuleti yake, mkali huyo! Ijumaa anapanda mwenyewe kukagua vikombe.

Msije mkaniuliza kipi bora, mtu au mtambo. Mimi niliokolewa na mtambo masika, nikauokoa kiangazi. Mkienda kazini, iwe ndege, iwe dawa, iwe umeme, ulizeni hivi: nikikosea hapa, nani atanisikia?

Wiki niliyostaafu, Zuhura alinikuta nafunga vitu vyangu. Alikuwa na safari fupi ya kwenda Kasulu na kurudi, nafasi ipo. "Shikamoo Mama. Umeshawahi kupanda?"

Nikacheka. Miaka yote ile nilikuwa nimepandisha watu, mahindi, chanjo na maiti, mwenyewe sijawahi. Akanipandisha kwenye mizani kwanza, tena mbele ya Gervas! Kisha akanikalisha kiti cha mbele, akanifunga mkanda. Tulipoacha ardhi nilipiga kigelegele kilichomfanya avue vifaa vyake vya masikioni. Nchi yetu ni nzuri, jamani! Vilima vinafuatana kama mawimbi ya kijani, bati zinamemeta, barabara nyekundu, mito kama nyuzi. Nilikuwa nasema peke yangu kama redio.

Tulipokuwa tunarudi akasema, "Haya Mama, nionyeshe kiwanja chako."

Miaka yangu yote niliwashangaa marubani wanaosema hawakioni kiwanja. Nikanyoosha kidole bila kusita. "Kile pale! Shuka tu, njia ni nyeupe, nakijua kama kiganja changu."

Zuhura akatazama kidole changu kinapoelekea, akatazama kioo chake cha ramani, akatazama nje tena.

"Mama Furaha," akasema kwa adabu zote, "ile ni barabara ya Kasulu. Kuna basi linakuja."